Asiransi Ilitaka Mutu Asiyekufa

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani, hata la mbwa aliyekuwa anapanda nyuma ya motokari ya yule muzungu. Nitayaacha humo. Watoto wao wangali hai, na wengine tunakaa benchi moja kanisani.

Bwana yangu alikuwa karani kwenye depo ya kahawa hapa Goma, miaka ile Wabelgiji walikuwa wangali wanatuamusha kwa kengele. Alikuwa na baiskeli na nyumba ya mabati, na nyumba ile ndiyo iliyokuwa inaninyima usingizi. Kwetu, bwana akifa, ndugu zake wanafika kabla udongo haujakauka. Wanabeba vitanda, wanabeba watoto, halafu wanaulizana ni nani kati yao atamuchukua muke. Jirani yangu nilimuona akitoka kwake na mutoto mugongoni na sufuria moja mukononi. Kwa hiyo siku bwana yangu aliporudi akisema kuna muzungu wa asiransi, kampuni inayolipa muke wa mutu aliyekufa, niliacha kupepeta nikamusikiliza.

Muzungu alikuja akakaa kwenye kiti chetu kizuri kama mutu anayeogopa kunguni. Alieleza kwa kile Kiswahili chao cha kuamuru vibarua. Watu wengi wanatoa faranga pamoja kila mwezi. Mwenzao akifa, muke wake anapewa. Hilo nililielewa, hata wanawake wa soko tulikuwa tunachangiana. Lakini alianza kuuliza.

"Baba yako alikufa na nini?"

"Alilogwa," bwana yangu akajibu.

"Na ndugu ya baba yako?"

"Naye pia."

"Kwenu hakuna mutu anayekufa na ugonjwa?"

"Ugonjwa ndio unatumwa, bwana."

Muzungu akakuna shingo. Alipoondoka nikauliza kwa nini anasumbua wafu wetu.

"Anapima," bwana yangu akasema, kifua mbele kana kwamba kampuni ni yake. "Hawachukui kila mutu. Mwenye nguvu analipa kidogo, mwenye ugonjwa analipa zaidi. Anayekaribia kufa wanamukataa."

"Basi wanatafuta mutu asiyekufa, ndio wamulipie kifo?"

"Nyamaza, mama watoto. Wewe ukichagua maharagwe ya mbegu, unaweka yaliyooza?"

Nilinyamaza, maana maharagwe ninayajua. Lakini sijawahi kuuliza haragwe baba yake alikufa na nini.

Ilibaki kupimwa na munganga wa kampuni. Bwana yangu alikuwa mwembamba kama mupini wa jembe, na kwetu mutu mwembamba anahurumiwa, na muke wake anasengenywa. Akatuma habari kwao Rutshuru. Mama yake akafika juu ya kamio, lori ya kubeba kahawa, na vibuyu vya maziwa na ndizi za kujaza jikoni.

"Muzungu hanunui ng'ombe mwenye mbavu za kuonekana," akasema. Halafu akanigeukia. "Na wewe, ulikuwa unamulisha nini mwanangu? Moshi?"

Akamulisha. Maziwa, viazi, mafuta, na mutobe, ile maji tamu ya ndizi, asubuhi na jioni. Mukanda wa bwana yangu ukakataa kufunga, na mama yake akapiga makofi. Siku ya kupimwa alimunywesha mutobe kibuyu kizima, juu yake chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. "Nenda sasa," akasema, "waone mutu."

Alirudi akisukuma baiskeli. Walimupandisha kwenye mizani, wakamusikiliza moyo, wakapima mukojo. Mwili muzito kupita urefu wake, moyo unakimbia, sukari kwenye mukojo. Wamemukataa.

"Sukari?" mama yake akashangaa. "Si ndiyo vizuri? Walitaka uwe muchungu?"

Sijui nimucheke nani zaidi. Sisi tulinenepesha mutu kwa watu wanaoogopa unene. Wao, na vioo vyao na mizani yao, waliuliza juu ya wafu wa ukoo muzima, lakini kuuliza huyu mutu amekunywa nini asubuhi, hapana. Hiyo ndiyo akili tuliyokuwa tunaambiwa tuiinamie.

Siku ya Mungu, kisha kanisa, shemeji yangu mukubwa akaja kumaliza ndizi zilizobaki. Akauliza, mudomo umejaa: "Sasa hizo faranga, ungekufa, zingekuwa za nani?"

"Za mama watoto."

Akaacha kutafuna. "Kumbe ulikuwa unatukimbia."

Hapo niliona bwana yangu anatafuta pa kujificha. Alikuwa ametaka muzungu aseme kwa mahali pake, siku yeye ameisha kulala kaburini. Muzungu amekataa. Bwana yangu akaangalia chini, akaniangalia mimi, ndipo akasema: "Na hii nyumba ni yake na ya watoto. Nikifa, musiingie."

Mama-mukwe akaanza kukusanya vibuyu vyake. "Nimekamua ng'ombe zangu kumunenepesha mutu kwa ajili ya muke wake," akasema, na mimi nikajua nimeisha. Lakini akasimama mbele ya yule mukubwa. "Umesikia mudogo wako. Nami nimesikia. Ukibeba hata kijiko humu, maziwa niliyokunyonyesha yatakuuliza."

Halafu kwangu: "Usicheke. Si kwa kukupenda. Wamemupima mwanangu kama kahawa na kumurudisha. Mimi, neno lake silirudishi."

Bwana yangu aliyekataliwa alikufa muzee, bila jino hata moja. Shemeji alikuja matanga, akakaa nje, akala maharagwe yake, akarudi kwao mikono mitupu. Nilikaa mule ndani mpaka mulima ulipopasuka, moto wake ukateremuka na kuimeza nyumba, na huo haukuuliza mutu baba yake alikufa na nini.