Shavu la Mjomba na Kopo la Mkorogo

Nilirudi Dodoma na sanduku la nguo na diploma ya utunzaji wa ngozi na nywele. Sanduku nililiacha kwenye buti la basi. Diploma niliipakata njia nzima kutoka mpakani kama mtoto mwenye homa. Hiyo diploma hakunipa mtu. Nilifagia nywele za watu kwenye saluni za Johannesburg mchana, jioni nikakaa darasani na wasichana walionizidi kila kitu isipokuwa ubishi, na siku ya mwisho mwalimu alisema mkono wangu ni mwepesi kuliko wa darasa zima. Neno hilo naliandika kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mwalimu mwenyewe yuko mbali, hawezi kuja hapa soko la Majengo kulisema.

Pale Majengo nilipanga chumba kati ya muuza uwele na fundi cherehani, nikaitundika diploma mahali ambapo hata mtu aliyekuja kuuliza njia angeiona. Wanawake wa sokoni walichungulia kwa zamu.

"Mwanaume mzima unauza mafuta?"

"Siuzi mafuta, mama. Naeleza mafuta."

Kueleza mafuta ndiyo kazi yangu. Upepo wa huku kwetu unakausha ngozi mpaka ukijikuna mkononi unaweza kuandika jina lako, na maji ya visima yana chumvi ya kutosha kupikia mlenda. Kwa hiyo anayeanza namwambia hivi: osha uso kwa sabuni laini, ya kufulia iache ifue. Jipake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, kwa maana mafuta kazi yake kubwa ni kuyazuia maji yaliyomo yasitoroke. Mchana vaa kofia na upake kinga ya jua ukiweza, maana weusi unatusaidia lakini hauzuii madoa. Dawa ya meno ni ya meno. Ndimu ni ya supu. Ukiipaka usoni kisha ukatoka juani, inaweza kukuunguza. Na rasta zinazobana mpaka nyusi zinapanda zinang'oa nywele za pembeni, hata ukizimiminia dumu zima la mafuta ya nazi.

Mteja mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaangalia nyuma ya mlango kana kwamba nimeficha kitu.

"Kwa hiyo hakuna siri?"

"Hakuna."

"Ukakaa ugenini miaka yote hiyo kujifunza kwamba hakuna siri?"

"Ndiyo."

Alinipa pole, kwa dhati kabisa.

Basi wiki moja mdogo wangu wa mwisho alinipigia simu kutoka nyumbani Kongwa. Jumamosi ilikuwa sherehe yake ya kuagwa, sendofu, na ndugu walikuwa wamejaa uani.

"Kaka, njoo uniokoe. Mashangazi wameleta kopo."

"Kopo la nini?"

"La kunifanya mweupe. Kaka, mimi nataka nikiangalia picha zangu za harusi nijitambue. Sitaki kuuliza huyu aliyekaa na mume wangu ni nani."

Nilifunga duka, nikaivua diploma ukutani, nikaondoka nayo. Kuna watu huenda kwenye ugomvi na fimbo.

Shangazi mkubwa, dada yake baba, ndiye aliyenipokea.

"Mbukwenyi!" akanisalimu kwa Kigogo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Huko Ulaya hawali?"

"Ilikuwa Afrika Kusini, shangazi."

"Ndiyo, huko huko."

Nikaomba kuliona kopo. Lilikuwa la siagi, maandishi yamefutika, na ndani yake mlikuwa na mkorogo: krimu za kung'arisha ngozi zilizochanganywa pamoja, rangi ya maziwa ya juzi, harufu ya maua yaliyogombana.

"Kachanganya nani?"

"Mama mmoja wa mjini. Ana mkono mzuri."

"Kaweka nini?"

"Krimu."

"Krimu gani?"

"Nyingi."

Nikasimama katikati ya uani, nikaeleza kama nilivyofundishwa. Mikorogo mingine hukutwa na zebaki, ambayo ni sumu. Mingine ina dawa kali zinazopaswa kutolewa na daktari, ambazo zikitumika ovyo zinaifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya sigara na kuacha madoa mabaya kuliko yaliyokuwapo. Kwa macho huwezi kujua. Nilieleza vizuri sana. Ningekuwa mimi ninayesikiliza, ningepiga makofi.

"Mbona mimi napaka na sijafa?" akasema shangazi mdogo, ambaye uso wake na shingo yake zilikuwa za watu wawili tofauti.

Niliona hoja zinaniishia, nikatafuta namna ya kusogeza siku. Kitu chochote kipya, nikasema, hata kilichonunuliwa duka la dawa, kwanza kinapakwa kidogo ndani ya kiwiko cha mtu atakayekitumia, halafu anasubiri siku kadhaa. Nilijua kipimo hicho hakigundui zebaki. Lakini siku kadhaa zingetufikisha Jumapili, na Jumapili mdogo wangu angekuwa ameshaagwa akiwa na uso wake mwenyewe.

Mashangazi wakatazamana.

"Kwanza?" akasema mkubwa. "Kabla ya mjomba?"

Hapo nilipaswa kukumbuka niko wapi. Kwetu binti hafanyiwi jambo bila mjomba wake, kaka wa mama, kupewa haki yake. Kwenye mahari ana ng'ombe wake. Kwenye nyama ana kipande chake. Sasa nimesema kuna kitu cha bibi harusi kinachoanza na kidogo tu, cha kupima. Ukoo mzima ulielewa kwamba hicho kidogo ni cha mjomba.

Mwenyewe alikuwa barazani anabangua karanga, akasikia.

"Yaani jambo la mpwa wangu lipimwe, mimi niletewe habari?"

"Mjomba, hiki si chakula. Inatakiwa ngozi ya mwenye kupaka."

"Mimi na mama yake tumetoka tumbo moja. Ngozi ni hiyo hiyo. Au huko ulikosoma walikuambia mimi ni mpita njia?"

"Hapana, mjomba."

"Lete kopo."

"Basi mjomba, kidogo sana, kwenye kiwiko..."

"Kiwiko!" Aliwageukia watu wote. "Mnasikia? Heshima yangu mimi ni ya kiwiko!"

Akachota kwa vidole vitatu, akajipaka shavu zima la kulia, akashuka shingoni, akarudi barazani na kukaa akiwa amelielekeza shavu barabarani.

Mpaka jua linaelekea kuzama shavu lilikuwa linang'aa tu. Shangazi mkubwa alilikagua kwa karibu kama anayechagua nyanya, akanyanyuka.

"Limekubali!"

Vigelegele vikapigwa. Akachukua kopo, wenzake wakamfuata, msafara ukaelekea chumba cha bibi harusi. Mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani, mikono yote miwili imefunika mashavu. Nikawahi mlangoni, nikajipanua kadiri mwili wangu unavyoruhusu, diploma mkononi.

"Shangazi, hata shavu la mjomba likichanua maua, haliwezi kusema kwa niaba ya uso mwingine. Ngozi haina mbunge! Kila mtu anajiwakilisha mwenyewe. Na ngozi nyingine hukataa kesho yake au keshokutwa."

"Toka mlangoni, wewe mtoto."

"Nitatoka. Ila mjomba hajasema neno lake la mwisho. Mmempa haki leo, mnamnyang'anya leo leo?"

Hilo la mjomba liliingia. Zebaki haikuingia, kiwiko hakikuingia, lakini hilo liliingia. Shangazi mkubwa alikubali kusubiri mpaka asubuhi, chai ikiiva, na siyo zaidi. Akaliweka kopo juu ya kabati, mdomo wake ukiwa tayari umeshanipaka mimi maneno yasiyotoka kwa sabuni laini wala kali.

Asubuhi shavu la mjomba lilikuwa limetangulia kuamka. Alitokeza uani likiwa mbele, yeye mwenyewe akifuata nyuma. Limevimba, limekuwa jeusi zaidi, jicho la upande ule limebaki mstari, na shingo anajikuna kama mtu aliyelala na utitiri.

"Nani mwenye dawa ya meno?" akapaza sauti shangazi mdogo.

"Leteni ndimu!" mwingine akaitikia.

"Hakuna dawa ya meno! Hakuna ndimu!" Nilimnawisha kwa maji safi na sabuni laini, polepole bila kusugua, nikasimamisha bodaboda, tukaenda zahanati tumebanana watatu. Mganga alimtazama, akauliza amepaka nini. Mjomba akajibu kwa fahari, "Cha mpwa wangu." Tukapewa dawa ya kumeza na krimu ya kupaka, tukaambiwa mkorogo usiguswe tena, na uvimbe ukizidi au akipumua kwa shida turudi mbio.

Tuliporudi, kopo lilikuwa limeshatupwa chooni.

"Huyo mama wa mjini ametuuzia bovu," akasema shangazi mkubwa. "Tungeagiza la Dar."

"Shangazi, hata la Dar..."

"Sasa muda umekwisha. Mpake hayo ya kwako."

Sikubishana. Nilikuwa nimeshinda kwa sababu isiyo yangu, lakini nilikuwa nimeshinda. Siku mbili zilizobaki nilimsimamia mdogo wangu kama ninavyotaka kila anayeanza asimamiwe: sabuni laini, mafuta ya mgando uso ukiwa na unyevu, kofia akitoka juani, na hakuna kitu kipya hata kimoja. Msusi aliyekuja nilimsimamisha kila alipovuta. "Kaka," akaniambia, "unasuka wewe au nasuka mimi?" Nikamwonyesha diploma. Akalegeza.

Jumamosi bibi harusi aliingia ukumbini na uso wake. Mweusi, laini, wa mama yetu mtupu. Wanawake wa upande wa mume walimzunguka, na shangazi yao, mama mnene wa vitenge viwili, akamgusa shavu kwa kidole.

"Mwali, umepaka nini?"

"Mafuta ya mgando, shangazi."

"Na nini?"

"Na maji kabla yake."

Yule mama akawageukia wenzake. "Ni mchoyo, lakini ni mzuri. Tumchukue."

Halafu wakamwona mjomba kwenye kiti cha mbele, shavu bado limeumuka, jicho likitoa machozi ya dawa. Yule mama akashika kifua.

"Masikini. Amemlilia mpwa wake wiki nzima!"

Habari ikapita meza hadi meza. Wakwe wakainuka kwa foleni kumpa pole, mmoja akamfunika blanketi, mwingine akamletea paja la kuku, na mshereheshaji akaomba ukumbi usimame kwa heshima ya mjomba mwenye mapenzi. Mjomba aliipokea pole yote. Alipopewa kipaza sauti alisema kwamba kwa binti huyu angetoa hata shavu la pili.

Nikamtazama mdogo wangu jukwaani. Alijitahidi kukaa kama bibi harusi, macho chini, midomo imebanwa. Hakuweza. Alicheka mpaka mashavu yakapanda, pua ikajikunja, machozi yakashuka mpaka kidevuni, na mpiga picha, ambaye alikuwa akimsubiri atulie, akaamua kupiga hivyo hivyo.