Magurudumu Mapya ya Mzee Kijana

Kulikuwa na kinyozi ambaye umri wake ulikuwa wa kuitwa babu, ila mavazi yake yalikataa. Suruali za kubana, viatu vyeupe, nywele zilizotiwa rangi nyeusi mpaka nyingine ikamganda kwenye paji la uso. Wateja walimbatiza jina la Mzee Kijana, naye akalipenda hata akaliandika kwenye kioo cha kibanda chake.

Gari alilokuwa akiendesha halikuwa lake hasa. Lilikuwa la baba mkwe wake, seremala, mtu aliyelipangusa kila asubuhi kabla hajagusa chai. Alipofariki, mama mkwe alimkabidhi mkwewe funguo mbele ya watoto wote. Alisema yeye kuendesha hajui, na macho yenyewe yameanza kumtupa mkono, basi gari likae kwa mtu atakayempeleka hospitali akihitaji. Mzee Kijana alizipokea kwa mikono miwili.

Lilikuwa gari la zamani, la rangi ya maziwa, lenye magurudumu madogo. Siku moja mteja aliyekuwa akinyolewa ndevu alichungulia nje akauliza kama gari lile hutembea au hutambaa. Kibanda kizima kilicheka. Mzee Kijana naye alicheka, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Haikupita wiki akaenda kwa muuza matairi, akatoka na rimu pana zinazong'aa na matairi makubwa meusi. Yale ya zamani aliyaacha palepale bila kugeuka nyuma. Muuzaji alisema makubwa yataingia bila tabu, na kweli yaliingia. Gari liliinuka likawa kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Mkewe alilizunguka kimya, kisha akauliza marehemu angesema nini. Mzee Kijana akajibu kwamba marehemu angeomba kupigwa picha nalo.

Akikata kona kali, tairi liligusa madigadi likanguruma. Akaongeza sauti ya redio. Kwa kuwa mara nyingi alikuwa peke yake garini, mambo yalikwenda.

Kisha mama mkwe akafanyiwa upasuaji wa jicho. Siku ya kuruhusiwa, Mzee Kijana alikwenda kumchukua pamoja na mkewe na shemeji yake. Mama alitoka akiwa amefungwa bendeji jicho moja, na lile jingine lilikuwa bado na ukungu, haoni zaidi ya kivuli. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko kizito. Akaketi nyuma na yule shemeji, binti yake mdogo, mabegi katikati, na gari likazama.

Tuta la kwanza lilipiga kelele kama bati linaloburutwa. La pili likaja na harufu ya mpira unaoungua. Shemeji akauliza harufu hiyo ni ya nini. Mzee Kijana akalisingizia lori lililokuwa mbele yao. Lakini lori lilikata kona likaenda zake, na harufu ikabaki.

Mbele kulikuwa na tuta refu kuliko yote, karibu na meza za wauza matunda. Alisimamisha gari.

"Mama," alisema bila kugeuka, "samahani sana. Ungeshuka kidogo, gari livuke hapa."

Kumshusha mkwe barabarani, mgonjwa, na watu wanatazama! Mama alishikwa mkono na binti zake, akapapasa kwa mguu mpaka akaipata lami, akavuka tuta polepole kama mtu anayevuka mto. Wauza matunda waliacha kupanga matunda yao. Gari lilivuka tupu, kwa wepesi wa kuudhi.

Alipopanda tena, mama aliuliza gari limepatwa na nini.

"Springi zimechoka, mama," alisema Mzee Kijana.

Mkewe aligeuka akamtazama, akasubiri. Alimpa nafasi ya kusema kweli, hakuisema. Mbele ya mama yake hakutaka kumvua nguo mumewe, naye akanyamaza.

"Si springi," mama alisema taratibu. "Marehemu alizibadilisha mwaka aliokufa. Ni mimi, baba. Nimenenepa mno. Msamehe mama yako."

Mzee Kijana alitamani ardhi ipasuke. Akawasha gari. Kabla ya nyumbani kulikuwa na matuta mengine, na kila walipofika kwenye tuta mama alishuka mwenyewe, bila kuambiwa.

Siku zilizofuata mkewe alikuwa akirudi kutoka kumuuguza mama yake akiwa amenuna. Mwisho akasema. Mama alikuwa amekataa chakula cha jioni. Kila akibembelezwa alijibu kwamba ameshiba, na kwamba hataki kulivunja gari la watu. Kliniki atakwenda kwa miguu, pole pole ndiyo mwendo.

"Mama yangu analala na njaa kwa sababu ya urembo wako," mkewe alimwambia. "Mimi nimenyamaza vya kutosha."

Asubuhi Mzee Kijana hakufungua kibanda. Alirudi kwa muuza matairi, akakuta magurudumu ya marehemu yamekwisha kuuzwa, kwa nani hakuna aliyekumbuka. Akatafuta mitumba ya kipimo kile cha zamani. Akapata ya chuma, yenye kutu, moja halifanani na mengine. Akayafunga, akaenda kwa mkwewe na redio ikiwa imezimwa.

Alimkuta sebuleni, bendeji imeondolewa, mashavu yamepungua. Hakuketi. Alisimama karibu na mlango kama mtu aliyeitwa barazani, akaeleza yote: mteja na kicheko, rimu, lori alilolisingizia, springi. Mwisho akataja magurudumu ya marehemu, kwamba yameuzwa na hayapatikani tena.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Kwa jicho lake jipya alimtazama kuanzia viatu vyeupe mpaka nywele.

"Ungeniambia pale pale barabarani," alisema, "ningecheka mpaka nikojoe. Umeniacha nikauchukia mwili wangu."

Mama aliinuka, akamwita binti yake aliyekuwa jikoni, akamwambia apakue chakula kingi, maana leo ana njaa. Sahani ya kwanza ilitengwa mbele ya mkwe, na minofu ikaelekezwa upande wake, kama ilivyokuwa siku zote. Mama alikula vizuri, hata akaongeza. Mzee Kijana alilitafuna tonge lake muda mrefu, na halikushuka.