Dodoli ya Nyumba Yenye Msiba

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya upishi sikupika chochote. Niliosha sufuria. Moja niliisugua mpaka Bi Filomena, mke wa Karani wa Forodha wa Chake Chake, akatoka uani kuniuliza kama nataka kuitoboa. Nilikuwa kijana kutoka Pujini, na hakuna aliyenifundisha kupika. Nilijifunza kwa kuchungulia vyungu vya harusini, kisha najaribu nyumbani, naharibu, najaribu tena. Niwaambie kweli nyinyi vijana mnaosoma haya: nilikuwa mwoga. Wali ukishika chini kidogo tu, siku yangu yote imeharibika.

Karani alikuwa Mgoa, Mkatoliki, mtu wa maneno machache. "Faki," aliniambia asubuhi ile, "hapa kazi ni mbili. Chakula kiwe tayari nikirudi, na usibishane na Bibi."

Bibi akanionyesha jiko. Sufuria za nguruwe zilikaa rafu ya chini. Hizo alipikia na kuosha mwenyewe, mimi hakutaka nizishike. Sufuria kubwa ya shaba, ya vitamu vya Krismasi, ilitengwa mbali nazo, imefunikwa kitambaa cheupe. "Hii ni ya majirani pia," alisema. "Wakila kwangu, wasile na shaka."

Krismasi ya nyumba ile ilianza na meli ya Unguja, iliyomleta mama yake Bi Filomena, tuliyemwita bibi mkubwa, na vikapu vyake. Kuanzia hapo jiko halikuwa langu tena. Watoto wawili wa Karani walikaa mkekani wakibiringisha vipande vya unga juu ya kitana kipya ili vipate mistari, navyo vikakaangwa. Bibi mkubwa mwenyewe alisimamia dodoli, ambayo ni kama halua yao. Unachemsha tui jepesi na sukari guru, unatia unga wa mchele, halafu tui zito, kisha unasonga bila kuacha mpaka mafuta yajitenge na donge liachane na sufuria. Ukipumzika, imeungua. Kuni nzuri ni za mkarafuu uliokufa, kwa sababu moto wake hauruki.

Asubuhi ya Krismasi sahani zilitoka kwenda kwa majirani, ya kwanza kwa Bi Zuwena, mjane wa Kimanga aliyekaa nyumba ya ubavuni. Siku ya Idi sahani zile zilirudi na visheti na mkate wa kumimina. Nyumba mbili zile hazikuwahi kurudishiana sahani tupu.

Mwaka mmoja, wakati wa masika, bibi mkubwa alifariki Unguja. Bi Filomena alirudi kutoka mazikoni amevaa nguo nyeusi, na hakuzivua. Krismasi ya mwaka ule ikaangukia mwisho wa Ramadhani. Siku zilisogea na hakuna aliyeniagiza sukari guru. Mtoto mdogo akauliza, "Mama, kitana cha mwaka huu kiko wapi?" Mama yake akainuka akaingia chumbani.

Kwetu sisi matanga huanuliwa siku ya tatu. Khitma imesomwa, moto umewashwa tena jikoni mwa wafiwa, watu wanarudi makwao. Nikadhani Bi Filomena amekosa nguvu tu. Nilitaka watoto wapate Krismasi yao. Na zaidi ya hilo, sioni haya kulisema, nilitaka yeye aile dodoli yangu aseme ni kama ya mama yake.

Siku ya mkesha, alasiri, walipokwenda wote kanisani, nilitandua kile kitambaa nikapika. Shehe wetu alikwisha kutuambia kwamba mpishi aliyefunga anaweza kugusa kwa ncha ya ulimi akatema. Mimi niliogopa kumeza, sikugusa. Nilipika kwa macho na pua, nikisonga mpaka mabega yakafa ganzi, na roho inadunda: tamu imezidi au imepungua?

Walirudi ikiwa bado motoni. Bi Filomena alisimama mlangoni mwa jiko, mkono kifuani.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, Bibi. Nilitaka watoto—"

"Faki, nyumba hii ina msiba. Sisi tukifiwa hatupiki vitamu vya Krismasi mwaka ule. Kitamu tunaletewa. Na hapa Chake ni nani wa kuniletea? Jamaa zetu wote wako Unguja." Hakupaza sauti. "Itoe. Isilale humu ndani."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaibeba sufuria kwa matambara mpaka uani, sijui niende nayo wapi, machozi yananitoka.

"Wee Faki," Bi Zuwena aliita kutoka upande wa pili wa ua, "funga imekushinda au umeungua?"

"Shikamoo, Bi Zuwena. Sikuungua." Nikamweleza yote.

"Marahaba. Sasa niambie, kwenu mtu akifa, anayewapikia wafiwa ni nani?"

"Majirani."

"Na mimi ni nani yake huyu, mpita njia? Sisi siku tatu, wao mwaka. Ndiyo tofauti tu. Lete sufuria. Na ufute kamasi, usije ukaitia chumvi."

Akaimimina kwenye sinia zake, akaiacha ipoe. Baada ya kufuturu alionja kipande, akatafuna polepole, nami nimesimama kama mshitakiwa. "Inalika," alisema, akazifunika sinia.

Asubuhi akavaa buibui lake na kubeba sahani mwenyewe, yeye aliyekuwa na watu wa kumbebea. Karani ndiye aliyemfungulia. Bi Filomena alikuja nyuma yake, akaiona ile dodoli, akaitambua.

"Zuwena. Hii imepikwa wapi?"

"Imelala kwangu, imekatwa kwangu, na imetoka mlangoni kwangu. Umeletewa, Filomena. Mimi nimefunga, siwezi kula nawe. Kaa ule."

Karani alitazama dari. Watoto walimtazama mama yao. Akakaa, akachukua kipande, akala akilia bila sauti, kisha akawasogezea watoto sahani.

Mimi nilikuwa nimejibanza kwenye mlango wa jikoni. Akaniita.

"Mama alikuwa akitia chumvi kidogo."

"Sikuonja, Bibi. Nilikuwa nimefunga."

"Najua," akasema. "Mwakani utapika wewe, nami nitakuonjea."

Baadaye nilimpikia Bwana Daktari wa Wete, kisha Bwana Mkubwa wa Wilaya, ambaye kila kitu kwake kilikuwa "kizuri, asante." Nilipika karamu za wageni kutoka Unguja, nikapewa na barua za sifa. Hofu yangu haikuniacha hata siku moja, nimestaafu nayo. Lakini tangu Krismasi ile, nikiingia jiko geni, swali langu la kwanza halikuwa wanapenda nini. Niliuliza nani amefariki katika nyumba hii, na lini. Mabwana wengine walinishangaa. Bibi zao walinijibu, wengine wakavuta kiti wakakaa, na chakula cha siku hiyo kikachelewa.