Furu Mgeni Chini ya Kitenge

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuwaangalia mno. Wakati ule sikujua kama ni kosa. Niliamini mfugaji mzuri ni yule asiyebandua macho, na mimi nilitaka kuwa mzuri kuliko wote, ingawa mtaani kwetu Ilemela sikumjua mwingine hata mmoja anayefuga samaki ndani ya kioo.

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwenye simu, kwa video nilizozirudia mpaka kifurushi kikaisha, na nilijifunza kwa kuua samaki. Sebuleni nilikuwa na tangi kubwa lenye samaki waliokwishazoea, na kila video ilionya jambo lile lile: mgeni usimchanganye na wenyeji kabla hujamtenga, asije akawaletea ugonjwa. Basi fundi vioo wa Nyakato akanitengenezea tangi dogo la karantini, nikaliweka chumbani kwangu juu ya meza. Sikutia mawe wala mchanga. Chini yake nilitandika karatasi nyeupe, juu nikafunga taa kali, ili doa lolote, ukungu wowote, uzi wowote unaoning'inia shavuni mwa samaki niuone siku hiyo hiyo. Ndani mlikuwa na sponji la kuchujia maji na mpira mwembamba wa kuingizia hewa kutoka kwenye pampu, basi. Kioo nilikisugua asubuhi na jioni. Nilijivunia lile tangi kupita kiasi.

Wageni wangu walikuwa furu, wale samaki wadogo wa kwenye mawe ya ziwa. Watu wengi wanawajua kama kitoweo cha siku mbaya, na wavuvi wa sangara wanawajua kama chambo. Niliwapata kwa jamaa mmoja anayewanasa kati ya mawe kwa kijinyavu na kuwauza wakiwa hai kwa wavuvi wa ndoano. Kila nilipomfikia ufukweni na ndoo yangu alianza kucheka kabla sijamsalimu.

"Mganga wa furu huyo! Wale wa juzi wanaendeleaje?"

"Wamekufa."

"Wote?"

"Wote."

"Si ungempa sangara, kaka? Angalau yeye angeshiba."

Kilichonitia hofu ni namna walivyokufa. Hawakuwa na doa, hawakuwa na kidonda. Walijibana kwenye kona, vichwa chini, mikia juu, wamepauka mpaka wakafanana na ile karatasi, wamenipa migongo. Mimi nikavuta kiti, nikakaa mbele yao, pua karibu iguse kioo, nikitafuta ugonjwa. Hawakula. Hawakusogea. Kisha mmoja alilala ubavu, taratibu, huku namtazama. Simaanishi kwamba niliingia nikamkuta amekufa. Walikufa nikiwa pale pale, nawaangalia.

Naishi na mama yangu, wawili tu. Siku niliyokuwa namtoa wa mwisho kwa kiwavu, alisimama mlangoni na ufagio mkononi.

"Wenzio wanafuga kuku," akasema. "Wewe unafuga maiti."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na hayo macho uyapumzishe. Kuna watu wana jicho, mwanangu. Wakikikazia kitu kinanyauka."

Nadhani alikuwa ananitania. Lakini mimi neno likiniingia halitoki. Nikaanza kukumbuka ya nyuma: ule mche wa mpapai niliokuwa naupima kila nikitoka shule, kile kifaranga nilichokipenda peke yake kati ya wenzake. Nikawa najichunguza kwenye kioo cha kabati wakati wa kupiga mswaki, nikiyatazama macho yangu kama ya mtu niliyeambiwa nijihadhari naye. Naona aibu kuyaandika haya, maana shuleni sayansi ndiyo niliyokuwa naifaulu. Hata hivyo niliamua: nitajaribu furu mmoja tu zaidi. Huyo naye akifa, tangi nalivunja, na lile neno la mama nitaliamini.

Jamaa wa chambo alinipa jike la rangi ya majivu, lenye umanjano kidogo tumboni.

"Huyu chukua bure. Amenyong'onyea, hata sangara atamsusa."

Siku za mwanzo sikumwona. Najua linavyosikika jambo hilo. Tangi lenyewe ningeweza kulibeba kifuani, lina kioo pande zote, taa juu, weupe chini, na hakuna cha kujifichia ila sponji lisilozidi ngumi. Nikichungulia kulia kwa sponji, yuko kushoto. Nikihamia kushoto, ameshahamia kulia. Nilichokuwa naambulia ni ncha ya mkia ikimalizikia. Alijua jicho langu linakwenda wapi kabla mimi mwenyewe sijajua. Wakati mwingine taa ilinirudishia uso wangu kwenye kioo, mkubwa, umetulia juu ya maji, na nilipoukazia niliona kwamba haunitazami mimi. Unatazama kitu nyuma ya bega langu. Niligeuka. Palikuwa na kitanda, na shati langu limetundikwa msumarini.

Nikaanza kubisha hodi kabla ya kuingia chumbani kwangu mwenyewe. Nilibisha polepole, mama asisikie.

Chakula nilichomtupia kilizama kikaoza. Halafu siku moja akajisahau, akatokeza nusu nyuma ya sponji, na nikaliona koo lake. Lilikuwa limevimba, limening'inia chini ya taya mfano wa mfuko. Nikasogea karibu. Samaki mwenyewe alikuwa ametulia tuli, hata mapezi hayachezi, lakini ngozi ya lile koo ilikuwa inatikisika. Mlikuwa na kitu ndani kinajigeuza.

Minyoo, nikajiambia. Hakuna kingine. Nilikuwa na dawa moja kali, ile ambayo kwenye video walisema itumike njia nyingine zote zikishindikana, kwa sababu samaki dhaifu inaweza kumuua. Asubuhi iliyofuata niliipima, nikaivuta kwenye bomba la sindano, nikalisimamisha ndani ya kikombe karibu na tangi. Asipopata dawa atakufa, na akifa nitakuwa nimeshajua mimi ni mtu wa namna gani.

Asubuhi hiyo mvua ilitokea ziwani. Mvua za namna ile huja na giza lake. Dirishani niliona maji yamekuwa meusi, na mawingu yameshuka mpaka yakayafunika mawe ya kilima cha pili. Kuku wakarudi bandani. Ngurumo ya kwanza ilipiga, nikaona maji ya tangi yanakunjamana.

Mama akaingia, mikono imejaa vitenge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Zima hiyo taa. Toka hapo kwenye kioo."

Kwetu radi ikianza, vioo vyote vinafunikwa. Mama alilelewa hivyo na mama yake: kioo kinaita radi, maji yanaita radi, na nguo nyekundu usiiguse. Alikuwa ameshafunika kioo cha kabati na televisheni. Sasa alikuwa mbele ya tangi langu, ambalo kwake lilikuwa hatari mbili zimewekwa mahali pamoja.

"Mama, ngoja nimpe dawa kwanza. Anaumwa."

"Dawa itasubiri."

"Atakufa!"

"Na wewe ukipigwa na radi nani atakuuguza? Huyo furu?"

Akalitupia tangi kitenge, kikashuka mpaka mezani pande zote. Hakuwa amemaliza kukinyoosha umeme ukakatika. Pampu ya hewa ikanyamaza.

Alinishika mkono akanipeleka sebuleni. Tulikaa kwenye kochi moja, yeye akiomba kwa midomo tu. Katika lile giza la asubuhi, vitu alivyovifunika vilikuwa vimekaa pamoja nasi: kabati, televisheni, tangi kubwa, vyote vimejitanda nguo, vimetuelekea, kama watu waliofika msibani na hakuna anayetaka kuanza kusema. Radi ilipomulika, maua ya vitenge yalijitokeza yakapotea. Mimi nilikuwa nawaza hewa inavyokwisha kwenye maji ya chumbani.

Ndipo nikasikia. Ngurumo ilipotulia, kutoka chumbani kwangu, sauti ndogo: tak. Kimya. Tak, tak. Ukucha unaogonga kioo, na unagonga kwa ndani.

"Umesikia?"

Mama akafumbua jicho moja. "Nini?"

"Chumbani."

Akasikiliza. Nilimwona anasikiliza.

"Ni mvua," akasema, lakini mkono wangu aliukamata.

Nikauchomoa nikaenda. Sikubisha hodi. Kile kitenge kilikuwa cha zamani, kina tundu alilolichoma mama mwenyewe kwa pasi, na tundu lilikuwa limeangukia upande wangu. Sikufunua. Niliinama, nikaweka jicho kwenye tundu.

Mwanga kidogo ulikuwa unapenya kwenye kitambaa, na maji yalikuwa na rangi ya chai. Alikuwa katikati ya tangi, peupe, mbali na sponji. Alikuwa anazunguka bila haraka, na kila alipopita karibu na mpira wa hewa mkia wake uliusukuma, ukagonga kioo. Tak. Rangi ilikuwa imemrudia. Ubavuni alikuwa na mistari ambayo sikuwahi kuiona, kwa sababu mbele yangu hakuwahi kuivaa. Akageuka akanielekea. Hakujua kama nipo. Akafungua mdomo.

Ndani ya mdomo mlikuwa na macho.

Yalikuwa mengi, meusi, mawili mawili, yamesongamana mpaka kooni, na yote yalikuwa yanatazama nje. Kisha akayatema. Likatoka wingu la vitoto vyembamba, vyepesi, macho na mikia tu, likatanda mbele ya taya lake. Radi ikapiga karibu, akaachama, wakarudi mbio wote kwa pamoja, mdomo ukafungwa. Tangi likawa na samaki mmoja tena.

Habari hiyo nilikuwa nimeisoma. Jike la furu huwatunza watoto mdomoni, na muda wote huo hali kitu. Nilikuwa naijua kabisa, ningeweza kumfundisha mtu. Lakini nilikuwa natafuta ugonjwa, kwa hiyo nikauona ugonjwa. Bomba la sindano lilikuwa pale kwenye kikombe, karibu na kiwiko changu, limejaa.

"Nimekuambia toka hapo," mama akasema nyuma yangu.

"Njoo uone."

"Sitaki kuona."

Akaja. Akainama kwenye tundu, akangoja mpaka jike akaachama tena.

"Ee Mungu wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Wanatutazama."

"Ni watoto wake."

"Wako wangapi?"

"Sijui. Wakitoka tena nitawahesabu."

"Usiwahesabu," akasema haraka. "Watoto wa mtu hawahesabiwi." Halafu, bado ameinama: "Kumbe siku zote hizo ulipokuwa umekaa hapo, nao walikuwa humo."

Usiku huo nililala nimeipa meza ile mgongo. Usingizi ulichelewa kuja.

Umeme uliporudi sikuiwasha taa, na kitenge sikukiondoa. Niliimwaga dawa chooni. Nilitafuta mawe ufukweni, nikayachemsha, nikayaingiza kwa mkono mmoja chini ya nguo bila kuchungulia. Watoto walipomaliza kumtoka mdomoni, jike alikula kutoka kwenye vidole vyangu vilivyoloa.

Sijui kama nina jicho. Mama anasema hakuwahi kusema maneno hayo. Ninachojua ni kwamba tangu hapo tangi la karantini lina mawe na kipande cha chungu, pande tatu zimefunikwa, taa haiwaki siku za mwanzo, na dawa siitii kwenye maji kabla sijajua samaki ana nini. Wengine bado wanakufa. Wengi wanaishi.