Mupishi wa Karani

Mwaka 1953, katika mji wa Baraka kando ya ziwa, Isidore alikuwa na miaka kumi na saba na hakuwa na sifa yake mwenyewe. Sifa zote zilikuwa za kaka yake Bonaventure, karani wa kampuni ya pamba, aliyeandika Kifaransa bila kufuta. "Mudogo ya karani, kuja hapa," watu walimwita. Hata mama yao aliitwa kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza: Mama Bonaventure. Isidore hakuona ubaya. Alimpenda kaka yake kama walivyompenda wote.

Kisha Bonaventure akaomba kadi ya ustaarabu, ile waliyopewa Waafrika wachache walioonekana kuishi Kizungu, na Mzungu wa serikali akaja kukagua nyumba. Alifunua masufuria, akanusa mashuka, akachungulia choo. Bonaventure alimfuata akitabasamu, nywele zikimnuka mafuta kama ua lililooza.

Jikoni mama yao alikuwa amechutama, miguu mitupu, akila ugali na visamaki vya ndagala kwa mkono.

"Na huyu?"

Bonaventure alivitazama vidole vile vyenye mchuzi. "Mupishi yangu, Bwana."

"We, jina yako?"

Mama alifungua mdomo, akaufunga. Jina aliloitwa lilikuwa la mwanawe. "Immaculée," alisema mwishowe, jina ambalo Isidore hakuwahi kulisikia likitajwa nyumbani. "Niko mupishi."

Mzungu akamgeukia Isidore. "Ni kweli?"

"Ndiyo, Bwana."

Kadi ikaja, mbuzi akachinjwa. Wageni, mafuta yakiwachuruzika videvuni, walishangilia: "Mama Bonaventure, ulizaa muntu!"

Bonaventure akamkumbatia. "Mama yangu muzuri!"

Isidore alitema nyama chini. "Mama gani, kaka? Kwa Muzungu ulimwita mupishi!"

Mzee Raphaël, jirani yao, akacheka. "Wivu ya mudogo hiyo! Mama, ni kweli?"

"Uongo," mama alisema bila kuinua macho. "Pombe imemupanda kichwa."

Wakacheka, wakaendelea kutafuna.

Isidore alimkuta mama nyuma ya nyumba akisugua sufuria kwa majivu. "Mama, mi nasikia kutapika. Twende Swima kwa mujomba."

Hakuacha kusugua. "Mi nilikubali kuwa mupishi sababu ya mutoto wangu. We ulisema ndiyo sababu ya nini?"

Isidore alikwenda Swima peke yake. Alivua samaki huko miaka mitano, na kila alipoulizwa kwa nini haendi kumsalimu mama yake, alisema Baraka ni mbali, ingawa mitumbwi ya kwenda huko ilipita mbele ya macho yake kila asubuhi.