Dola Isiyo na Mwaka

Nimeletewa habari kwamba rafiki yetu, yule mbeba mizigo wa Doha, amefariki kwao Tanga kwa shinikizo la damu. Angekasirika sana. Alikuwa mtu wa makuu, na kwa kifo chake alitarajia kitu cha fahari zaidi, walau ajali ya ndege. Wasomaji wangu hamkumjua, kwa hiyo niwasimulie siku aliyotajirika.

Tulifanya kazi hoteli moja pale Al Sadd, mimi mapokezi, yeye mlangoni. Mgeni wa Kimarekani alimpa bakshishi ya sarafu ya dola moja, rangi ya dhahabu, upande mmoja uso wa rais, upande wa pili sanamu ya mwanamke mwenye mwenge. Akaigeuza na kuigeuza: haina mwaka. Alikuwa amesikia kwamba sarafu zinazotoka kiwandani na kasoro hununuliwa kwa maelfu. Hakuuliza zaidi. Alimfuata meneja wetu, akamwambia mbele ya wageni, “Mudir, kuanzia leo mizigo beba mwenyewe,” akavua kofia ya kazi na kumkabidhi.

Kesho yake, Ijumaa, alitualika biriani ya kujipongeza. Dada mmoja Mkenya, msafisha vyumba hotelini kwetu, alikuja akitoka kanisani Mesaimeer, maana kule ibada ya Wakristo huwa Ijumaa, siku ya mapumziko. Akaomba kuiona hiyo dola, akapitisha kidole ukingoni. “Kaka, umeangalia huku kando? Si kumeandikwa!” Tukaipeleka dirishani. Kweli: mwaka ulikuwa umechorwa ukingoni kwa tarakimu ndogo, pamoja na herufi D. Tajiri wetu hakukubali kushindwa. “D! Imetengenezwa Doha! Kasoro ndiyo hiyo!” Dada akamtazama kwa huruma. “Na Doha walianza kutengeneza dola lini?” Baadaye nilisoma kwamba D ni Denver, mji wenye kiwanda cha sarafu, na kwamba kuanzia mwaka 2007 dola za marais ziliandikwa hivyo ukingoni ili nyuso zipate nafasi. Zinazotafutwa ni zile ambazo ukingo ulisahauliwa kuandikwa.

Biriani ikamshinda. Kule ukiacha kazi unarudishwa kwenu, na watoto wake walikuwa shuleni. Jumamosi alijipeleka mlangoni bila kofia. “Si uliacha kazi?” mudir akauliza. “Mudir, juzi nilikuwa tajiri, na matajiri hawana adabu. Leo nina akili zangu.” Mudir alicheka hadi akashika ukuta. Akamrudisha, ila kwa mwezi mzima alimbebesha mkoba wake hadi kwenye gari, tukitazama.

Sisi wahamiaji ni waongo wa heshima. Tunapiga picha tukiegemea magari ya watu na kuzituma nyumbani. Yeye kisa hiki alikisimulia mwenyewe kwa kila mgeni, akikitia chumvi. Mlinzi mmoja Mganda, aliyemdanganya mkewe kwamba ni mhasibu, alikisikia, akacheka. Palepale akampigia mkewe simu, akamwambia ukweli. Tulimsikia mama yule akiguna. “Nilijua zamani. Mhasibu gani halali usiku? Nilikuwa nangoja uchoke.”

Nimehudhuria mazishi ya watu wenye vyeo, nikasikia sifa ambazo hata jeneza lilizionea haya. Huyu hakuacha sifa, aliacha kichekesho kuhusu nafsi yake, na kwacho watu walipata ujasiri wa kusema kweli majumbani mwao. Anayethubutu kuchekwa kwanza huwapunguzia wengine mzigo wa kujifanya.