Pombe Yangu ya Siku Mbili

Nilirudi Bangwe na stashahada ya usindikaji wa vyakula, niliyoisomea bila msaada wa ndugu yeyote. Kwa hiyo ndugu wa mchumba wa dada yangu waliposema wangeleta posa baada ya siku mbili, nyumba nzima ilinitegemea mimi kwa pombe ya ndizi ya kuwapokea.

Shangazi alitaka kufukia ndizi mbichi ziive, kazi ya wiki nzima. Mimi nilikamua zilizokwisha kuiva, nikachemsha maji yake, nikayapoza na kutia hamira kidogo. Siku ya posa nilikuwa na ndoo ya pombe nyepesi na safi.

"Haya ni maji ya kuoshea mtungi," shangazi alisema.

"Wewe umesomea wapi?" nilimjibu.

Niliwamiminia wageni nikiwaeleza nilivyoipika. Hakuna aliyegusa kikombe.

"Onja kwanza, mwanangu," alisema mzee wao.

Kwetu mwenyeji huonja mbele ya wageni, wajue haina sumu. Nalijua hilo tangu utotoni. Lakini sikusoma ili nipimwe kama mchawi nyumbani kwetu. Nikamwambia cheti changu kinatosha.

Mzee akavaa kofia yake, na wenzake wakainuka. Dada yangu alikuwa mlangoni, analia. Ndipo shangazi akachukua kikombe, akapiga magoti, akanywa nusu na kumpa mzee iliyobaki. Wakaketi tena.

Ndoo iliisha mchana uleule, na posa ikapokelewa. Waliondoka wakimsifu shangazi kwa pombe nzuri, naye akaitikia shukrani zao. Tangu siku hiyo sijamwamkia.